Podiatri Marekani: jinsi ya kuchagua kati ya operesheni za kupanga na zile zisizosubiri

Nawaandikia hii wadogo zangu mlioko vyuo vya podiatri hapa Marekani, na zaidi nyie mlioko rezidensi mwaka wa kwanza na wa pili, mana swali ni lile lile kila tukikutana: nikimaliza nibaki na operesheni za kupanga, au niende hospitali kubwa kwenye miguu ya kisukari na ajali? Na wengi mnaliuliza kama vile ni swali la unapenda kufanya nini. Mimi naona sio hilo. Thieta ni saa chache tu za wiki yako, kinachoamua kama utadumu kwenye hii kazi ni yale yanayokuja kabla na baada ya kisu: ni mgonjwa gani anakuja, simu inalia saa ngapi, nani analipa, na ukikwama saa nane usiku kuna nani wa kumpigia. Tuanzie hapo.

Kwa ndugu anayesoma hii akiwa Dar au Nairobi na hajui mtoto wake anasomea nini huku: podiatri hapa ni udaktari wa miguu, shahada inaitwa DPM, ni miaka 4 baada ya digrii ya kwanza alafu rezidensi ya upasuaji, yani mafunzo ya kazini hospitalini, ya miaka 3. Akimaliza anaruhusiwa kupasua mguu, na kwenye majimbo mengi mpaka kifundo, japo sheria ya kila jimbo ina mipaka yake. Sio kukata kucha, jamani.

Sasa tuelewane tunachoongelea. Operesheni za kupanga ni zile mgonjwa kaja mwenyewe anatembea, ana nundu pembeni ya kidole gumba, au vidole vimejikunja vinasuguana na kiatu, au unyayo bapa unaomuuma, au neva imevimba katikati ya vidole. Anaweza kusubiri mwezi, anaweza kusubiri mwaka, anaweza asifanye kabisa na maisha yakaendelea. Zisizosubiri ni mguu umevimba, umekuwa mwekundu mpaka juu ya kifundo, una harufu, mgonjwa ana homa, sukari iko juu sana, eksirei inaonyesha hewa ndani ya nyama, huyo anaingia thieta leo usiku na sio kesho. Au kifundo kimevunjika na kutoka mahali pake. Au kidonda kimefika mfupani na mfupa umeanza kuoza.

Na katikati kuna eneo watu wanalisahau, yani kano ya Achilles iliyokatika, kisigino kilichovunjika, mifupa ya katikati ya mguu iliyoachana ile wanaita Lisfranc. Hizi zinasubiri uvimbe ushuke, saa ingine wiki moja au mbili, lakini hazisubiri mwaka. Ukiwa unasema "mimi sitaki dharura" jiulize kama na hizi huzitaki, mana wengi wakifikiria vizuri wanakuta hizi wanazitaka sana.

Hatua ya 1: andika wiki mbili kwenye karatasi

Chukua karatasi kweli, sio kichwani. Upande mmoja andika wiki ya daktari wa kupanga. Siku tatu au nne ofisini, anaona wagonjwa wengi, wengi wao hawahitaji operesheni, anawapa viatu, sindano, soli za kutengenezwa, alafu siku moja yuko kwenye kituo cha upasuaji wa siku moja ambako mgonjwa anaingia asubuhi na mchana yuko kwake. Usiku analala. Wikiendi ni yake. Ila anapigana na bima, mana operesheni ya kupanga mara nyingi inataka kibali kabla, wanakuuliza umejaribu nini kwanza na kwa muda gani, na kama hujaandika kwenye faili kwamba mgonjwa alibadilisha viatu na akavaa soli miezi kadhaa, wanakataa. Kumbuka pia huu mwaka wake hauendi sawasawa. Mwishoni mwa mwaka wagonjwa wanajaa kwasababu wameshamaliza kulipa dedaktibo yao, ile sehemu unayolipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na wanataka kufanyiwa kabla haijaanza upya Januari, alafu Januari yenyewe panakuwa pamepoa.

Upande wa pili andika wiki ya daktari wa hospitali. Asubuhi anazunguka wodini, ana wagonjwa waliolazwa, anafungua bandeji, anaongea na dokta wa maambukizi kuhusu antibayotiki, anamtafuta dokta wa mishipa ya damu, mchana kliniki ya vidonda, jioni anaitwa emajensi. Thieta yake haina ratiba, anaingia pale inapopatikana nafasi, na mara nyingi nafasi inapatikana usiku baada ya wengine kumaliza. Mgonjwa mmoja anaweza kurudi thieta mara tatu kwenye kulazwa kumoja: kwanza unafungua unatoa usaha na nyama iliyokufa unaacha wazi, baada ya siku mbili tatu unarudi unaangalia na kusafisha tena, mwisho ndo unafunga au unakata kwa mpangilio. Hii haitaki tu mikono, inataka mtu anayeweza kukaa na kazi isiyoisha.

Sasa angalia hizo karatasi mbili na mwonyeshe mtu unayeishi naye. Mke, mume, mama anayekulelea mtoto. Usimfiche zile zamu za usiku, mana hatakuwa anaishi na shahada yako, ataishi na hiyo simu.

Hatua ya 2: jipime kwa mgonjwa atakayekukasirikia

Hapa ndo naomba mtulie kidogo.

Mgonjwa wa kupanga alikuja anatembea. Ukimfanyia kidole gumba na kikabaki kigumu, au nundu ikarudi, au neva ya juu ya ngozi ikaguswa akabaki na ganzi, umemwacha na tatizo ambalo hakuja nalo. Ana haki ya kukasirika. Kwaio ujuzi mkubwa wa daktari wa kupanga ni kuchagua nani asifanyiwe: anayevuta sigara na wewe unataka kuunganisha mifupa, mwenye sukari isiyotulia, anayetaka tu mguu uonekane mzuri na haumuumi popote. Ukiwa mtu wa kuogopa kumwambia mgonjwa hapana, hasa pale anapokuja na hela na amekasirika, hii njia itakuumiza.

Nikupe mfano unaotuhusu. Dada wa Kikenya au wa Kikongo anayefanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya masaa 12 amesimama, nundu inamtesa na anataka operesheni mwezi huu huu. Kama unampangia kuunganisha kile kiungo cha katikati ya mguu, ile wanaita Lapidus, kurudi kusimama zamu nzima kunaweza kuchukua kama miezi mitatu. Sheria ya likizo ya familia na ugonjwa, FMLA, inamlindia kazi mpaka wiki 12, lakini ni bila malipo, na lazima awe amefanya kazi kwa mwajiri huyo angalau miezi 12 na masaa 1,250, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi. Kama anafanya kwa wakala wawili watatu nusu nusu, anaweza asiwe na huo ulinzi kabisa. Na huku kuna watu nyumbani wanategemea anachotuma. Daktari wa kupanga aliye mzuri anayauliza haya kabla ya kuongelea skrubu. Pengine jibu sahihi kwa huyo dada ni viatu vipana na soli mpaka atakapojipanga, na akiamua atapanga kwa moyo mmoja.

Mgonjwa asiyesubiri ni kinyume. Hakukasirikii sana mwanzoni, anashukuru, familia inashukuru. Ila anarudi. Kidole cha kwanza, mwaka unaofuata cha pili, baadae nusu ya mguu. Neva zimekufa hasikii maumivu, anatembea juu ya kidonda kwasababu hakimuumi, anasema dokta mbona niko sawa. Na tafiti zimeonyesha tena na tena kwamba wanaokatwa mguu juu ya kifundo kwa ajili ya kisukari, karibu nusu au zaidi wanafariki ndani ya miaka mitano. Utawazika watu uliowafunga bandeji miaka. Kuna madaktari hili linawavunja na kuna ambao linawapa sababu ya kuamka, mana wanajua kila mwezi ambao huyo baba anatembea kwa miguu yake miwili ni mwezi walioupigania. Hakuna aliye bora kati ya hao wawili, lakini wewe ujijue uko wapi kabla hujasaini mkataba.

Hatua ya 3: tumia rezidensi kuonja, na uanze kuuliza kabla hujaingia

Mwaka wa nne wa chuo unazunguka hospitali mbalimbali, na mfumo wa kuomba rezidensi unaitwa CASPR. Wengi mkienda kule mnaangalia jina la hospitali. Angalieni hivi badala yake: nani anashika zamu ya mguu na kifundo pale emajensi, ni podiatri au ni ortho, yani madaktari wa mifupa? Kama ni ortho wanachukua vifundo vyote vilivyovunjika, basi hata hospitali iwe kubwa vipi nyie mtabaki na vidonda. Waulize marezidenti wa mwaka wa tatu wakuonyeshe logi zao, yani orodha ya kesi walizofanya, kwenye PRR, ule mfumo wa kuziandika, usiulize tu "mnapata kesi nyingi?", hilo kila mtu atajibu ndio.

Viwango vya CPME, chombo kinachosimamia rezidensi, ambavyo watu wamefanya navyo kazi kwa miaka ni kama kesi 300 za mguu na kifundo, vidole 80, upande wa kidole gumba 60, mguu wa nyuma na kifundo 50, ajali 50. Hicho ni kiwango cha chini. Programu ikiwa imejaa hospitali za kaunti utamaliza hesabu ya maambukizi mwaka wa kwanza, na bado unatafuta nundu za kupanga mwaka wa tatu. Programu ikiwa na vituo vya siku moja vingi utakuwa fundi wa kidole gumba lakini gangrini ya gesi umeiona kwenye kitabu. Ukishajua yako imeelemea wapi, omba kabisa kupelekwa kule ilikopungukiwa. Mwalimu mwenye akili hatokukatalia.

Mwaka wa pili fanya hivi: kila baada ya kesi andika mstari mmoja jioni, sio kuhusu operesheni, kuhusu sehemu gani ya siku ilikuchosha na sehemu gani ilikufanya usahau njaa. Baada ya miezi sita soma yote kwa mpigo. Inasema ukweli kuliko ushauri wangu huu.

Hatua ya 4: bodi, usijifungie mlango

Hii ndo sehemu naisemea kwa nguvu, mana hapa hasara yake hairudi kirahisi. Bodi ya upasuaji, yani chombo kinachotoa vyeti vya ubingwa, ni ABFAS, ina vyeti viwili, cha mguu na cha mguu wa nyuma na kifundo, na hospitali nyingi wanaangalia hicho ndo wanakupa ruhusa ya kupasua kwao. Rezidensi ikiisha unafanya mitihani unakuwa umestahili, alafu una miaka 7 ya kukamilisha, na ndani ya hiyo miaka unatakiwa upeleke kesi zako mwenyewe ulizofanya baada ya rezidensi zikaguliwe. Na wanataka kesi za aina tofauti tofauti.

Umeona shida iko wapi? Ukienda moja kwa moja kazi ya kuokoa miguu, miaka inapita unakata vidole na kusafisha vidonda, kazi tukufu kabisa, ila ukifungua logi yako unakuta hakuna mifupa ya kidole gumba uliyoikata na kuipanga upya, na saa inakimbia. Wa kupanga naye anaweza kukosa ajali na kifundo kwa ajili ya kile cheti cha pili. Kwaio miaka ya mwanzo, hata kama moyo wako umeshachagua, fanya mchanganyiko mpaka cheti kiwe mkononi. Anayependa vidonda aombe nusu siku ya kliniki ya kawaida kila wiki. Anayependa nundu ashike zamu ya emajensi mara kadhaa kwa mwezi. Kisha weka kila kesi kwenye logi siku hiyo hiyo, na picha za eksirei za kabla na baada zihifadhi vizuri.

Ukishaamua kabisa kwamba wewe ni wa vidonda, bodi ya ABPM, ile ya tiba ya podiatri, ina cheti cha ziada cha kuzuia ukataji wa miguu na matibabu ya vidonda. Kizuri, lakini kiwe nyongeza.

Hatua ya 5: pesa, bila aibu

Mkopo wa chuo unaozidi dola 200,000 sio jambo la ajabu kwetu, tusijifanye pesa haituhusu.

Ukiwa kwenye ofisi binafsi unalipwa kwa unachokusanya, au asilimia yake. Operesheni za kupanga zina wagonjwa wenye bima nzuri kazini, na ukiwa na hisa kwenye kituo cha upasuaji kuna mapato ya kituo pia. Ila kumbuka operesheni kubwa Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, wanakulipa kifurushi kimoja, siku 90 za kumfuatilia ziko humo ndani, kwaio yule mgonjwa wa malalamiko ya kila wiki unamwona bure. Ukiwa hospitali unapewa mshahara na pointi za kazi wanazoita RVU, mgonjwa awe na bima au asiwe nayo pointi zako zinahesabika, na hii inamlinda sana anayetibu watu masikini. Hospitali za maveterani, yani waliowahi kuwa wanajeshi, ni njia ya tatu: sheria ya MISSION ya 2018 iliwapandisha podiatri kwenye ngazi ya malipo ya madaktari wengine, na kule kisukari na vidonda ni vingi na mpango wa kuzuia ukataji umekuwepo muda mrefu.

Na usisahau Machi 2020. Serikali ilipotoa wito operesheni za kupanga zisimamishwe kwa ajili ya korona, kuna ofisi thieta yao ilinyamaza kabisa, huku wenzao wa maambukizi wakiendelea kama kawaida kwasababu mguu unaooza haujui kuna korona. Sisemi hivi kuwatisha, nasema weka akiba ya miezi kadhaa kama umechagua upande wa kupanga.

Hatua ya 6: maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kwa kazi ya hospitali swali la kwanza sio mshahara, ni dokta wa mishipa ya damu. Yupo? Anakuja ndani ya muda gani? Mguu usiopata damu hauponi hata ukikatwa na fundi gani, utakata kidole, kidonda kitakuwa cheusi, utakata juu zaidi, kitakuwa cheusi tena. Ndo mana wakina David Armstrong, daktari wa podiatri, na wenzake wamehubiri miaka mingi timu ya podiatri na mishipa kukaa pamoja. Uliza pia kama wanaweza kupima presha ya kidole gumba, mana mwenye kisukari mishipa yake ya kifundo imekuwa migumu kama bomba na kipimo cha kifundo kinakudanganya kinasema damu iko sawa. Hospitali haina dokta wa mishipa, haina huo upimaji, alafu inataka wewe uwe "kiongozi wa kuokoa miguu"? Shukuru uende zako.

Uliza zamu ni ngapi kwa mwezi, zinalipwa au ni sehemu ya mshahara, na siku ya baada ya usiku mrefu kliniki inapungua au unaona wagonjwa wale wale. Iandikwe. Ahadi ya mdomo itaondoka na aliyekuahidi.

Kwa ofisi binafsi uliza mwenye ofisi anakugawiaje wagonjwa wa operesheni, mana kuna sehemu mzee anabaki na nundu zote wewe unapewa kucha mpaka utakaponunua hisa. Soma kile kipengele cha kukuzuia kufanya kazi jirani ukiondoka, ni maili ngapi na miaka mingapi, mpe mwanasheria. Kingine, kabla hujakubali au kukataa, waulize nani anamwona mgonjwa wako wa operesheni akipata homa Jumamosi. Wa kupanga naye ana dharura zake.

Kwa anayewaza kurudi nyumbani

Hili naulizwa na Watanzania na Wakenya. Kwa mahitaji, kule kilio ni vidonda vya kisukari, watu wanafika hospitali wamechelewa mguu umeshaharibika, na wanaowapasua ni madaktari wa upasuaji wa kawaida na wa mifupa. Pale Dar kazi ya Dokta Zulfiqarali Abbas ya kufundisha timu za madaktari na manesi kutunza mguu wa kisukari inajulikana dunia nzima, na sehemu kubwa yake haina thieta: kuvua viatu vya mgonjwa, kuangalia katikati ya vidole, kufundisha familia. Kwaio ukijua kufungua maambukizi mapema na kupima damu ya mguu umebeba kitu chenye kazi. Lakini DPM sio MD, usikate tiketi kabla hujaliandikia baraza la madaktari la nchi husika ukajua watakusajili kama nani na wataruhusu nini.

Ukibaki njia panda

Tafuta kazi ya kundi kubwa la podiatri au ortho lenye ofisi na mkataba wa hospitali, fanya miaka miwili mitatu, kliniki siku tatu, thieta ya kupanga siku moja, na zamu ya emajensi kwa mzunguko. Kusanya kesi za bodi. Omba kwenye mkataba kipengele cha kupitia upya mgawanyo wa zamu baada ya mwaka wa pili. Wakati huo utakuwa na logi, utakuwa na cheti au umekikaribia, na watoto watakuwa wameshakuambia wenyewe kama zile zamu za usiku zinawezekana.